Unapohamisha hesabu ya chakula cha kuku, hamisha na masharti yake

Ndugu mfugaji, hapa Mlandizi wengi mmechukua kwangu faili la Excel la kuchanganya chakula cha kuku wa mayai kwa gharama nafuu. Anayetafuta mchanganyiko humo ni Solver. Ukilifungua kwenye LibreOffice Calc, bei na fomula kwa kawaida zinakuja, lakini masharti yanaweza kubaki nyuma. Google Sheets nayo haina Solver yake ya ndani.

Hasara yake si ndogo. Solver inatafuta bei ya chini tu. Ikikosa sharti la protini, yaani asilimia 16 hadi 18, itakujazia gunia pumba na chokaa, na mayai yatapungua.

Ndiyo maana mimi huandika kila sharti kwenye karatasi ileile ya hesabu: protini, kalsiamu, jumla kilo 100. Ukihamia Calc, fungua Tools, kisha Solver, uyaingize upya. Halafu linganisha majibu mawili kwa bei zilezile. Gharama ikishuka ghafla, usifurahie, kuna sharti limedondoka. Litafute kwanza, ndipo ushike koleo uchanganye.