Nani mwingine analiona lori?

Lori la mizigo likitoka Mombasa kuja Beni, linapita Kampala na kuvuka mpaka hapa Kasindi. Njia nzima halitembei peke yake. Nyuma ya dashibodi kuna kisanduku kidogo chenye sim kadi ndani. Kisanduku hicho kinapokea alama za setilaiti, kinajua kiko wapi, kisha kinatuma habari hiyo kwa mtandao wa simu. Patroni akiwa Butembo anafungua simu yake na kuona lori likisogea kwenye ramani.

Mashofere wengi walikichukia mwanzoni, wakakiita mpelelezi. Leo wamekizoea, maana lori likikwama usiku, angalau kuna mtu anayejua mahali lilipo. Lakini swali moja haliulizwi vya kutosha: mbali na patroni, nani mwingine analiona?

Mwaka 2019 mdukuzi mmoja aliwaambia waandishi wa habari kwamba ameingia katika akaunti zaidi ya 27 000 za programu mbili za kufuatilia magari, iTrack na ProTrack. Hakuhitaji ujuzi mkubwa. Alijaribu neno la siri la kiwandani, 123456, ambalo wenye akaunti hawakulibadilisha. Magari mengine yalikuwa Afrika Kusini na Moroko. Alisema angeweza hata kuzima injini za baadhi ya magari hayo.

Mwezi wa saba 2022, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia usalama wa mitandao, CISA, lilionya juu ya kifaa MV720 cha kampuni MiCODUS ya China. Watafiti wa BitSight walikuwa wamekuta kasoro sita ndani yake. Mtu aliye mbali angeweza kufuata gari au kulikatia mafuta.

Sasa tuangalie barabara ya taifa nambari 4. Kuna sehemu ambako magari yamezoea kusafiri kwa msafara, yakisindikizwa na askari. Mahali kama hapo, kujua lori liko wapi na limesimama saa ngapi ni silaha. Na anayeumia si mwenye mali tu. Familia iliyokimbia kijiji chake haina shamba la kwenda kuvuna. Inangoja unga, mafuta ya kula na maturubai yanayobebwa na malori. Lori moja lisipofika, kopo la unga linapanda bei sokoni siku hiyohiyo, na mama wa watoto sita ndiye anayepunguza chakula.

Mara nyingi hatari haitoki mbali. Neno la siri analo patroni, analo mtoto wake, analo fundi aliyefunga kifaa, na analo konvoyeri aliyefukuzwa mwaka jana. Wote wanaingia kwa jina moja, hivyo hata patroni akitazama hawezi kujua nani aliyefungua ramani saa nane za usiku.

Dawa yake si ya pesa nyingi. Neno la kiwandani libadilishwe siku kifaa kinapofungwa, na fundi akiwa ameshaondoka. Kila mtu awe na akaunti yake. Anayeacha kazi, yake ifungwe siku hiyo. Mara moja kwa juma mtu mmoja aangalie orodha ya walioingia: saa ngapi na kutoka wapi. Kifaa kinachopokea amri kwa ujumbe wa simu kitii nambari zinazojulikana tu. Waya wa kukata mafuta usifungwe kama hauna kazi ya lazima. Na picha ya ramani isitumwe kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili, hata kama ni kwa furaha ya kwamba mzigo umekaribia.

Daftari nalo lisitupwe. Mwezi wa tisa 2023, kampuni ORBCOMM ya Marekani, inayohudumia malori, ilishambuliwa na wadukuzi wanaofunga mitambo ili walipwe. Mashofere huko wakarudi kuandika saa zao za kazi kwenye karatasi, na malori yakaendelea kutembea.

Mwenye lori hafungi duka lake kwa kufuli ambalo soko zima lina ufunguo wake. Kabla ya kupakia mzigo unaofuata, amwulize fundi wake neno la siri ni lipi. Fundi akilijibu bila kusita, lazima libadilishwe leo.