Maji Yale

Kwa miaka 26 nilikuwa muuguzi katika chumba cha kupima kibofu, na somo kubwa la kazi hiyo nilifundishwa na mzee mmoja wa Pemba, mwezi wangu wa kwanza. Alikuja kwa kukojoa damu. Kwao, kama kwetu, kichocho kilikuwa ugonjwa wa utotoni: tulicheza mabwawani, tukalima mpunga, na mvulana akikojoa damu wapo waliosema anakua. Kumbe kichocho kilichokaa miaka mingi huweza kuzaa saratani ya kibofu, ndiyo maana daktari alitaka kuona ndani kwa macho yake.

Nilimlaza chali, nikampandisha miguu, sikumwambia kitu. Maji yalipoanza kujaa kibofuni alijikaza, akatetemeka, machozi yakamlengalenga. Ikabidi tusimamishe. Alipokwisha kufunga kikoi chake aliniambia, "Mwanangu, maumivu nayaweza. Nilidhani najikojolea mbele yako. Ungeniambia tu."

Aliporudi wiki iliyofuata, nilimwamkia, nikakaa naye kwenye benchi.

"Baba, mkojo wako tumeupima, hauna maambukizi. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, nieleze. Utakwenda haja kwanza. Nitakufunika shuka, kitafunuliwa kinachohitajika tu. Nitakutia jeli ya ganzi kwenye njia ya mkojo, tusubiri ishike. Mrija mwembamba wenye kamera ukifika kwenye tezi dume utachoma kidogo. Hapo vuta pumzi, legeza mwili. Kisha tutatia maji ili kibofu kikunjuke, daktari aone kuta zake. Utabanwa na mkojo sana. Hayo ni maji yetu, si aibu yako. Mara nyingi dakika 10 hazifiki. Daktari akiona baka la kutilia shaka, huenda akanyofoa kinyama cha kupeleka maabara. Siku moja au mbili mkojo utawasha na kuwa mwekundu kidogo. Kunywa maji kwa wingi. Ukishikwa na homa, ukitoa mabonge ya damu, au mkojo ukigoma kutoka, usingoje kuche, njoo."

Maneno hayo nimeyarudia kwa kila mgonjwa hadi nilipostaafu, kwa sababu mtu anayejua kinachokuja hubaki na heshima yake hata akiwa amelala bila nguo.

Siku ile mzee alilala kimya. Kibofu kilipoanza kujaa akaniuliza, "Ndiyo maji yale?"

"Ndiyo, baba."

"Basi yaje."