Diski Iliyofuata Mto: Linux katika Nyumba Moja ya Malemba-Nkulu

Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia diski, skrini, kibodi na programu nyingine zote za kompyuta, hubadilishwa kwa njia mbili: ama ule uliopo hupandishwa toleo kwa kupakua kutoka intaneti vipande vilivyobadilika, ama hufutwa kabisa na mpya ukasakinishwa mahali pake kutoka kwenye diski au flashi. Miongozo mingi hupendekeza njia ya kwanza, kwa kuwa ni ya upole na haigusi kazi za mtumiaji. Katika nyumba ya mwalimu inayokumbukwa hapa, huko Malemba-Nkulu kando ya mto Lualaba, ni njia ya pili iliyotawala kwa miaka mingi, wala haikuwa kwa kutojua: megabaiti za simu hulipiwa upya na kila kompyuta, ilhali diski moja ikishafika mjini huhudumia nyumba zote zinazoihitaji.

Hesabu hiyo ilisimama juu ya uhuru wa kunakili. Linux, iliyotangazwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwezi Agosti 1991, kwa asili ni kiini tu, yaani sehemu inayozungumza moja kwa moja na mashine, na tangu 1992 imekuwa chini ya leseni ya GPL ya Richard Stallman, ambayo humruhusu kila mtu kuitumia, kuirekebisha na kumpa mwenzake. Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, hukiunganisha kiini hicho na maelfu ya programu zilizo tayari kutumika. Kwa familia iliyozoea nakala ya Windows XP isiyo na leseni na iliyojaa virusi vya flashi, mfumo ambao mtu angeweza kuunakili mchana kweupe na kumpa jirani bila kuvunja sheria ulikuwa na thamani ambayo bei peke yake haiwezi kuieleza, na mwandishi anaamini kwamba heshima hiyo ya uhalali ndiyo iliyoifanya Linux ikae katika nyumba ile.

Msaada wa Windows XP ulipokoma tarehe 8 Aprili 2014, Debian 7 ilikuwa na umri wa chini kidogo ya mwaka mmoja. DVD yake ya kwanza ilinakiliwa Lubumbashi na jamaa aliyekuwa masomoni, ikapanda treni hadi Bukama, mahali ambapo reli iliyotoka kusini iliukuta Lualaba mwaka 1918, kisha ikashuka kwa mashua pamoja na mizigo ya wafanyabiashara. Ubora wa Debian kwa mji wa namna hiyo ni kwamba DVD zake si kisakinishi peke yake bali pia ni ghala la programu: apt, chombo kinachotafuta na kuweka programu, huweza kuelekezwa kusoma diski badala ya intaneti, hivyo mtu akaongeza kamusi au programu ya kuchora bila kutumia hata megabaiti moja. Kazi yenyewe ilifanywa adhuhuri, betri za paneli za jua zikiwa zimejaa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika diski, mashine hubaki bila mfumo wa zamani wala mpya.

Kufuta na kuweka upya hakukuwa hatari kwa alama za wanafunzi, barua na picha za familia, kwa kuwa diski ya ndani iligawanywa mapema katika sehemu mbili, moja ya mfumo na nyingine ya kazi za watu, inayoitwa /home. Wakati wa kusakinisha, kisakinishi huambiwa kiifute ile ya kwanza na kuitumia ya pili kama ilivyo, jinsi familia inavyobomoa nyumba ya udongo na kujenga upya huku ghala la mihogo likibaki wima. Palikuwa na sharti moja ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: Linux humtambua mwenye faili kwa nambari, si kwa jina, na Debian humpa mtumiaji wa kwanza nambari 1000, wa pili 1001, na kuendelea. Kwa hiyo baba, mama na watoto walipaswa kusajiliwa upya kwa mpangilio ule ule wa awali, la sivyo mtoto angejikuta anamiliki barua za mama yake. Mpangilio huo uliandikwa kwenye karatasi iliyohifadhiwa pamoja na diski, na karatasi hiyo ilitumika kwa Debian 8 ya mwaka 2015, ikatumika tena kwa toleo la 9 na la 10.

Jambo lililoudhi zaidi katika miaka hiyo lilikuwa kadi ya intaneti isiyo na waya. Kadi nyingi huhitaji programu ndogo ya mtengenezaji ipakiwe ndani yake kabla ya kuamka, na kwa kuwa programu hizo si huru, Debian iliziweka nje ya diski zake rasmi; matokeo yake, mtu alihitaji intaneti ili apate kitu cha kumwezesha kupata intaneti. Msimamo huo ulikuwa na kanuni njema nyuma yake, lakini uliwaumiza zaidi walio mbali na waya. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura kuubadilisha, na toleo la 12, la Juni 2023, likaja na programu hizo ndani ya kisakinishi chenyewe. Ni badiliko ambalo Lubumbashi huenda lilipita bila kelele, ila katika nyumba ile lilikuwa kubwa kuliko mapambo yote ya skrini yaliyowahi kuongezwa.

Kufikia hapo flashi ilikuwa imechukua nafasi ya DVD, na safari ya mtoni ilibaki ile ile. Kilichobadilika ni umri wa kompyuta. Prosesa yake ilikuwa ya biti 32, aina isiyoweza kuendesha mifumo iliyoandikwa kwa biti 64, na Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kiini kwa ajili ya mashine hizo, baada ya wanaozitunza kupungua. Familia ilinunua kompyuta iliyotumika yenye biti 64, ikanakili /home yote kwa flashi, ikafuata karatasi ya nambari, na faili zikafunguka bila marekebisho. Ile ya zamani imeachwa na Debian 12, haiunganishwi na intaneti, na watoto huitumia kujifunza kuandika kwa vidole vyote.