Kitulo hakuna simba, lakini wapeleke watoto

“Mama, simba wako wapi?” Mdogo aliuliza kabla hatujashuka garini. Kosa langu, sikuwa nimewaeleza kwamba Kitulo ni hifadhi ya maua.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Kyela tuliondoka tukitokwa jasho, tukapanda kupitia Tukuyu, tukakata kona Isyonje kuelekea Makete. Kule juu ni zaidi ya mita 2,500 na ukungu haukuwa na huruma. Nilibeba sweta moja tu. Dada mtu akamwachia mdogo wake, yeye akajifunga kanga yangu.

Tulitembea kwa miguu, jambo ambalo kwenye mbuga za simba hufanyi hivi hivi na watoto. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 2005, na okidi ni sababu mojawapo: viazi vyake vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kuuzwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Mwongozaji alipowasimulia hayo, binti yangu, aliyekuwa amenyoosha mkono achume ua, akaurudisha ndani ya kanga.

Maua huchanua kati ya Desemba na Aprili, ndiyo miezi ya mvua. Bebeni makoti na viatu vya matope. Sweta, kila mtoto na lake.