Neno la Muhula Huu: Sugu

Wazazi wapendwa, na nyinyi wanangu mnaoweza kusoma wenyewe,

Neno letu la muhula huu ni "sugu". Wanafunzi wa darasa la kati wanajua maana yake ya kwanza: ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mtu anayelima kwa jembe. Baadaye neno likahamia kwenye tabia. Mwizi aliyefungwa, akatoka, akarudi kuiba, ni mwizi sugu. Kikohozi kisichosikia dawa ni kikohozi sugu. Leo nalitumia kwa jambo ninalokutana nalo kazini kama muuguzi, na ambalo sasa limeingia darasani kwetu: fangasi sugu.

Fangasi ni jamaa wa ule ukungu unaoota kwenye mkate uliosahauliwa. Wakishika ngozi ya mwili wakachora duara linalowasha, tunaita choa. Wakishika kichwa cha mtoto ni mapunye: ngozi inatoa magamba kama majivu, nywele zinakatika, na panabaki kipara chenye vidoa vyeusi. Hapa Uingereza mapunye mengi huletwa na fangasi anayeitwa Trichophyton tonsurans. Hupita kutoka mtu hadi mtu, kwa kichwa kugusana na kichwa, kwa kitana, kofia, mtandio, mto, au mashine ya kunyolea isiyosafishwa. Huwapata zaidi watoto ambao hawajabalehe, na wenye nywele kama zetu hupatwa sana. Hayatokani na uchafu. Mtoto anayeogeshwa kila siku huyapata vilevile.

Muhula huu mama mmoja alimweka mwanawe nyumbani majuma matatu akatuambia ana mafua. Ameniruhusu niandike haya bila jina. Mtoto alikuwa na mapunye, na mama aliona aibu. Alikuwa na tyubu ya krimu iliyokuja kwenye begi la shangazi kutoka nyumbani, akampaka. Siku mbili muwasho ukatulia, wote wakafurahi. Baada ya hapo kichwa kikavimba, kikawa laini kama kitumbua kibichi, kikatoa usaha. Sasa anatibiwa na anaendelea vizuri, lakini pale palipovimba huenda nywele zisirudi tena.

Nataka muelewe kilichotokea, maana tyubu kama hiyo iko katika nyumba nyingi zetu. Krimu hizo huwa na vitu vitatu ndani yake: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria, na steroidi kali. Steroidi huzima muwasho na wekundu kwa kuwalaza askari wa mwili. Mgonjwa huona amepona, kumbe fangasi wanatambaa chini bila mlinzi. Duara la choa hupoteza sura yake, hata daktari hushindwa kulitambua. Isitoshe, kwa mapunye krimu peke yake haitoshi kabisa, kwa sababu fangasi wamejificha ndani ya unywele na kwenye shina lake. Dawa ya kuwafikia ni ya kumeza.

Sasa turudi kwenye neno letu. Ukiwapiga fangasi kwa dawa nusunusu, wanaokufa kwanza ni wale dhaifu. Wachache walioweza kuistahimili hubaki, huzaana, na watoto wao hurithi ustahimilivu huo. Ndivyo usugu unavyoenea. Kuna aina moja iliyopewa jina la Trichophyton indotineae mwaka 2020. Ilienea kwanza Asia ya Kusini, ambako krimu za mchanganyiko huuzwa bila cheti cha daktari, na wataalamu wengi wanaona krimu hizo zilichangia. Huwasha vibaya na kutapakaa kwenye mapaja, makalio na kiwiliwili, hasa kwa watu wazima, na mara nyingi terbinafini, dawa tunayoitegemea sana, haiiwezi. Imeshapatikana hapa Uingereza na katika nchi za Ghuba, ambako wengi wetu tuna ndugu. Mwaka 2023 Marekani nayo ilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza.

Na ghala letu la dawa ni dogo. Fangasi wanafanana na sisi kuliko bakteria wanavyofanana nasi, kwa hiyo ni vigumu kutengeneza dawa itakayowaua wao bila kutudhuru sisi. Tukizipoteza hizi chache, hatuna nyingine nyingi za kushika.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, mkiona kipara au magamba, mpelekeni mtoto kwa daktari wenu wa familia kabla ya kumpaka chochote. Ombeni magamba na nywele vipelekwe maabara. Kama mlishapaka krimu, chukueni tyubu mkamwonyeshe, hakuna atakayewagombeza. Dawa za watoto England hazilipiwi. Matibabu huchukua majuma manne mpaka manane, wakati mwingine zaidi. Kama ni griseofulvini, ampe mtoto pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, mwili uipokee vizuri. Msiache dawa kwa sababu nywele zimeanza kuota; acheni daktari atakaposema. Ndugu zake nao waangaliwe, maana mtu anaweza kubeba fangasi bila dalili yoyote. Na mtoto akishaanza dawa, mleteni shule. Hana haja ya kufichwa.

Shangazi akipiga simu kuuliza alete nini, mwambieni alete korosho na kanga. Krimu aiache.

Nanyi wanangu, kofia ni ya mtu mmoja, na kitana ni cha mtu mmoja. Mwenzenu akirudi darasani na kipara, msimcheke wala msimuulize kwa sauti. Mpisheni nafasi akae, mfungulieni kitabu ukurasa tuliofika.

Jumamosi ijayo kila mmoja aje na sentensi tatu zenye neno "sugu". Moja iwe ya jembe.

Mwalimu wenu wa darasa la kati