Kuingia Si Kufaa: Chujio la Oili Katika Vilima vya Karagwe

Msimu wa kahawa unapofika Karagwe na Kyerwa, barabara zetu hubadilika sura. Malori hupandisha vilima yakiwa yamelemewa na magunia, pikipiki hubeba mizigo ambayo waliozitengeneza hawakuwahi kuiota, na katikati ya msafara huo siku hizi hupita magari ambayo wazee wetu huyatazama kwa mshangao: Subaru Impreza za turbo, zenye bomba la moshi linalounguruma hadi kuku wanakimbilia migombani. Yameagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na wenyewe ni vijana wa biashara ya kahawa, maharage na ndizi. Wapo wanaoyalaani kama ishara ya ubadhirifu. Mimi simo. Kijana aliyepata fedha yake kwa halali ana haki ya kununua gari linalompendeza, na wale wanaomsema vibaya mara nyingi ndio wanaomwomba lifti. Swali langu ni dogo kuliko hilo, na kwa maoni yangu ni zito zaidi: akishalinunua gari hilo, analinunulia chujio gani la oili?

Najua wasomaji waliozoea kunikuta hapa nikijadili Katiba na serikali za mitaa watadhani nimepotea njia. Naomba wanivumilie. Jambo hili linawahusu pia, na maofisa ugavi na wahasibu wa halmashauri linawahusu kuliko wote.

Mpwa wangu, mnunuzi mdogo wa kahawa pale Omurushaka, analo gari la namna hiyo, lenye injini ya EJ20. Msimu uliopita alinipigia simu akiwa dukani. Baada ya shikamoo alisema: “Mjomba, hapa kuna filta ya elfu nane na nyingine ya elfu thelathini. Fundi anasema hii ya elfu nane inaingia.” Nikamjibu kwamba sina shaka kuwa inaingia, ila amuulize fundi kama inafaa. Simu ikakaa kimya. Nikasikia fundi akicheka kwa mbali, si kwa dharau, bali kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo.

Na fundi hakusema uongo. Chujio la Subaru la injini hiyo hufungwa kwa hesi ya milimita 20, na hesi hiyo hiyo hutumiwa na Nissan, Honda na Mitsubishi nyingi. Kwa hiyo kopo la gari moja hukaa vizuri kabisa kwenye gari jingine, raba yake ikabana, tone lisivuje. Toyota nyingi, kwa upande wao, hutumia hesi ya robo tatu ya inchi, yaani milimita 19 na ushei, na hapo tofauti ni ndogo kiasi kwamba mtu mwenye haraka na mkono wenye nguvu anaweza kulazimisha. Anayelazimisha huharibu hesi, na siku moja njiani oili yote humwagika ardhini. Lakini hatari hiyo huonekana. Hatari ya kopo linaloingia bila kulazimishwa haionekani, kwa sababu imo ndani.

Ndani ya kopo lile mna karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi, wakati mwingine imechanganywa na nyuzi za kutengenezwa viwandani. Oili husukumwa na pampu, hupenya karatasi kutoka nje kuingia ndani, huacha uchafu, kisha huenda kwenye beringi, kwenye pistoni na, kwa gari la turbo, kwenye mhimili unaozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya utando mwembamba wa oili. Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Chembe zinazokula beringi ni za mikroni chache tu hadi 20 au zaidi kidogo. Jicho haliwezi kuziona. Vumbi letu jekundu nalo lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko vyuma vingi vya injini. Kwa haki, mlinzi wa kwanza wa vumbi ni chujio la hewa, na anayepita barabara za Nkwenda, Isingiro na Murongo wakati wa kiangazi akiwa na chujio la hewa lililotoboka asilaumu oili. Hata hivyo, kinachomponyoka mlinzi wa kwanza huishia kwa wa pili.

Ndani ya kopo mna kitu kingine ambacho wauzaji wengi hawakitaji: vali ndogo ya chemchemi. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito asubuhi ya baridi kama zile za Kayanga, shinikizo hupanda, vali hufunguka, na oili hupita bila kuchujwa. Waliobuni waliona, na waliona sawasawa, kwamba injini heri ipate oili chafu kuliko ikose oili kabisa. Lakini vali hiyo inapaswa kufunguka kwa shinikizo gani? Hilo hutegemea pampu ya gari husika. Pampu ya Subaru hii husukuma oili nyingi, na chujio lililokusudiwa kwayo lina vali inayostahimili shinikizo kubwa kuliko ile ya machujio mengi ya kawaida. Ukifunga kopo la gari jingine lenye vali laini, vali hiyo itafunguka mara nyingi zaidi kila unapokanyaga mafuta kupandisha kilima, na uchafu utapita. Taa ya oili haitawaka. Shinikizo litakuwa zuri. Gari litapita Bugene likinguruma kama kawaida, na mwenyewe atasema ameokoa elfu ishirini na mbili.

Wanafunzi wangu wa utawala wa umma wataikumbuka vali hiyo tukifika kwenye mada ya taratibu za dharura. Kila taasisi inahitaji mlango wa dharura. Ununuzi wa haraka wakati wa mafuriko ni jambo la busara. Tatizo huanza mlango huo unapokuwa laini kiasi cha kufunguka kila siku ya kazi, huku taarifa za mwezi zikionyesha kwamba shinikizo liko sawa.

Magari ya aina hii yana historia katika Afrika Mashariki ambayo vijana wetu huijua nusu. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na katika miongo yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 240Z, gari la michezo hasa, ilishinda mwaka 1971 na 1973. Ushindi wa pili ukiwa wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Porsche 911 ilimaliza ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978, na haikuwahi kuwa ya kwanza. Impreza yenyewe ilishinda mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns. Hiyo ndiyo nusu wanayoijua. Nusu nyingine ni kwamba nyuma ya kila gari lililoshinda palikuwa na kundi la mafundi waliolisubiri njiani na spea mkononi, na hakuna aliyefungua boksi na kusema “hii inaingia”. Vumbi lilikuwa lile lile. Kilichotofautiana ni matunzo.

Nirudi kwenye jambo ambalo halina mchezo. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja cha afya mkoani kwetu ambacho sitakitaja, gari la wagonjwa lilisimama uani kwa majuma kadhaa. Injini ilikuwa imenoki. Fundi aliyeifungua alinionyesha chujio alilolitoa: lilikuwa na rangi na maandishi ya kampuni yenye jina, lakini karatasi yake ilikuwa imebanduka kutoka kwenye kifuniko cha ndani, gundi imekauka kama wanga wa muhogo, na oili ilikuwa ikipita pembeni bila kizuizi. Katika majuma hayo binti wa jirani yetu alishikwa na uchungu usiku. Alipelekwa hospitali kwa gari la mfanyabiashara wa kahawa, baada ya saa tatu za kulitafuta. Mama alipona. Mtoto hakupona. Sisemi kwamba chujio peke yake ndilo lililosababisha. Wauguzi wanajua mengi yanayoweza kwenda vibaya hata gari likiwepo mlangoni. Nasema kwamba gari halikuwepo, na sababu ya kutokuwepo kwake ilikuwa kopo ambalo mtu fulani alilinunua, mwingine akalipokea, na wa tatu akalitia sahihi.

Sheria tunazo. Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963. Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, ndiyo inayoisimamia, na ina mamlaka ya kukamata na kuteketeza bidhaa bandia. Shirika la Viwango lipo tangu miaka ya 1970. Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila duka la spea kutoka Kayanga hadi Murongo, na mpaka wetu na Uganda ni mrefu. Kahawa inavyojua njia za kwenda, spea zinajua njia za kuja. Karagwe ya Rumanyika, ambako Speke na Grant walifika mwaka 1861, ilisifika kwa uhunzi, na vitu vya chuma vya ikulu ya Bweranyange vilistaajabisha wageni. Naamini mnunuzi wa jembe wa enzi hizo alikuwa na faida moja ambayo mpwa wangu hana: alimjua mhunzi, na alijua nyumba ya kumrudishia jembe likivunjika.

Kwa kukosa mhunzi, mnunuzi wa leo ana namba. Kila chujio halisi lina namba ya spea, na namba hiyo hupatikana kwa namba ya chesisi, si kwa kulinganisha makopo kwa macho. Duka lisilojua namba lisiuze. Risiti idaiwe, yenye namba hiyo. Chujio lililotolewa lisitupwe: lipasuliwe, mikunjo itazamwe kama imelala au imechanika, na chembe zinazometa zitafutwe. Wenye msumeno wa chuma wajue kwamba msumeno wenyewe huacha unga wa chuma, hivyo waanze kwa kuchunguza mdomo wa kopo na oili iliyobaki kabla ya kukata.

Maofisa ugavi nao nawasihi waache kuandika “filta ya oili, moja” katika maombi yao. Maneno hayo yakiingia katika mfumo wa zabuni hutoka na kopo la bei ya chini kabisa, na kisha sheria ya ununuzi husingiziwa kwamba ndiyo iliyoamuru. Haikuamuru. Bei hulinganishwa kati ya bidhaa zilizokwisha kutimiza vigezo vya ufundi, na vigezo hivyo huandikwa na mwombaji. Iandikwe aina ya injini, namba ya spea, na sharti la kulikataa chujio lisilolingana nayo. Anayepokea stoo alinganishe namba kabla ya kusaini. Dereva abandike katika daftari la gari kipande cha boksi chenye namba, pamoja na tarehe na kilomita.

Mpwa wangu alinunua lile la elfu thelathini, baada ya kumsomea muuzaji namba niliyomtumia. Lile la zamani fundi alilipasua mbele yake. Vijana watano wenye Subaru na mmoja wa bodaboda walikusanyika kutazama, na yule fundi aliyecheka aliomba aachiwe vipande hivyo avitundike ukutani gereji.