Baina ya Kisogo na Jicho

Yako maumivu ya kichwa ambayo hayafanani na mengine, na ambayo Kiswahili bado hakijayapa jina lililozoeleka. Hukamata upande mmoja tu, ndani na pembezoni mwa jicho, kwa muda wa dakika 15 hadi saa tatu, kisha huondoka kana kwamba hayakuwapo. Jicho la upande huo huwa jekundu na hutiririka machozi, kope huinama, pua huziba. Mwenye kipandauso hutafuta giza na kitanda. Huyu hawezi kulala wala kuketi, huzunguka chumbani, pengine akijigonga kichwa ukutani. Mara nyingi humwamsha saa ile ile ya usiku, kwa majuma au miezi, halafu hutoweka kwa muda mrefu. Si ajabu majirani wakadhani ni pepo. Wataalamu, kwa sababu ya kuja kwake kwa makundi, huyaita klasta.

Vitabu vya tiba huanza na jicho. Wagonjwa wengi hutaja pia shingo: kwamba ilikakamaa kabla jicho halijawaka, kwamba kisogo cha upande ule ule kilikuwa kizito, au kwamba maumivu yalipokwisha shingo na bega vilibaki kama vya mtu aliyebeba gunia mchana kutwa. Na kwa kuwa shambulio mara nyingi hukoma kabla mgonjwa hajamfikia daktari, shingo ndiyo pekee inayobaki ya kuonyeshwa. Basi hubadilishwa mito, huitwa mkandaji na mafuta yake ya nazi, hupigwa picha ya eksirei; na kwa kuwa shingo ya mtu mzima haikosi uchakavu wa hapa na pale, pingili huhukumiwa. Miaka hupita hivyo.

Hata hivyo, anayeshika kisogo chake hasemi uongo. Neva ya tano ya kichwa, inayobeba habari za jicho na paji, ina kiini kinachoteremka kutoka shina la ubongo hadi ndani ya uti wa mgongo, usawa wa pingili za juu za shingo. Papo hapo huingia neva za kisogo. Chembe zile zile hupokea wajumbe wa pande mbili, na ubongo hauwezi kila mara kutambua mjumbe amepitia mlango upi. (Waliobuni neno kipandauso walisikia kitu kinachopanda, na kinachopanda huanzia chini.) Lakini saa ya maradhi haipangwi shingoni. Mwaka 1998, picha za ubongo zilizopigwa wakati wa shambulio zilionyesha kuamka kwa haipothalamasi, sehemu ndogo inayotawala mzunguko wa usingizi na kuamka.

Shingo, basi, si mkosaji, ila ni mlango. Madaktari huchoma sindano ya steroidi kisogoni, kwenye neva inayopanda nyuma ya kichwa, na kwa wagonjwa wengi mashambulio hupungua kwa majuma kadhaa. Kuikanda hakuleti matokeo hayo, na kuipindua kwa nguvu kuna hatari yake: ateri ya shingo ikichanika, nayo huleta maumivu ya shingo na ya jicho, kope ikainama na mboni ikasinyaa. Maumivu ya namna hiyo yakiwa mapya na ya ghafla, ni ya kukimbiziwa hospitali siku ile ile.

Shambulio lenyewe hutulizwa na oksijeni. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wagonjwa walivuta oksijeni tupu kwa kinyago, lita 12 kwa dakika. Mashambulio 78 katika kila 100 yalitulia vya kutosha ndani ya dakika 15, na kwa hewa ya kawaida 20 tu. Mtungi wake, lakini, huwa hospitali, na mgonjwa yuko nyumbani, saa nane za usiku.